Paa la Mafungu 72

Nyumba ya babu haina mwenyewe. Ina wenyewe, na hilo ni balaa la namna nyingine kabisa. Iko ng'ambo ya Mto Pangani, upande wa Bweni, katikati ya shamba la minazi ambalo siku hizi lina magogo makavu mengi kuliko minazi hai. Babu alipofariki, mirathi ilijadiliwa, ikaombewa dua, ikaachwa palepale. Nyumba haikatiki vipande, hakuna mrithi mwenye fedha za kuwatoa wenzake, na tangu wakandarasi waanze kuchimbua barabara ya kutoka Tanga kwenda Bagamoyo kupitia Pangani na Saadani, hakuna anayetaka hata kutamka habari ya kuuza kabla hajaona bei itakomea wapi. Kwa hiyo tunayo sote. Kila mmoja ana amri juu ya kila msumari, na hakuna aliye tayari kwenda dukani kuununua.

Amri hizo hupamba moto mwezi wa Februari. Kaskazi inaanza kuchoka, joto halina pa kwenda, na masika ya Machi yanabisha hodi. Ndipo nyumba ya mawe na udongo inapodai haki zake zote kwa mpigo. Kuta zitomewe pale mawe yalipochungulia, baraza ikandikwe, chokaa ipigwe, kisima kitolewe matope wakati maji yamepungua, mchwa wafuatwe hadi kichuguuni kwao, mfereji wa nyuma uzibuliwe kabla maji ya paa hayajaanza kuchimba msingi. Kwa kazi hizo hatugombani sana. Shangazi mkubwa huzisimamia kwa kikohozi tu: akikohoa, mjukuu anashika jembe. Linaloita vikao ni paa.

Mwaka mmoja fundi wa kuezeka alipanda ngazi, akaingiza mkono ndani ya makuti ya kipaa cha nyuma hadi kwenye kiwiko, akautoa umejaa unga mweusi. Akaunusa. Mafundi wa kuezeka wana tabia ya kunusa habari mbaya kabla ya kuitamka.

"Hiki kimekwisha, mzee," alimwambia Ami. "Mnalala chini ya mbolea."

Hakuwa akitutukana. Makuti ya viungo yakifungwa vizuri, juu ya paa lililosimama kiasi cha maji kuteleza bila kukawia, hukaa miaka 5 hadi 7. Yetu yalikuwa yamepitisha muda huo kwa kuoneana haya: kila mtu aliona mwanga wa jua ukipenya darini kwa nukta nukta, na kila mtu alingoja mwenzake aseme. Mchwa nao hawakuwa wamengoja. Walikuwa wameshapanda ukutani hadi kwenye mtambaapanya. Fundi akapiga hesabu kwa kijiti mchangani: makuti 1,000, makombamoyo ya kubadilisha, pau, kamba, usafiri, ujira. Jumla shilingi 1,440,000.

Mimi ndiye mshika daftari wa ukoo, adhabu niliyopewa kwa kusomea uhasibu. Nikaitangaza hesabu hiyo kwenye kundi letu la WhatsApp, nalo kundi, ambalo kila asubuhi hujaa maua na dua njema, likanyamaza kimya cha adhuhuri.

Wa kwanza kujitokeza alikuwa Ami. Warithi tulio hai ni sita: yeye, mashangazi wawili, na sisi wa marehemu baba, yaani mama, kaka na mimi. Milioni moja na laki nne na elfu arobaini ukiigawa kwa sita, kila mtu laki mbili na elfu arobaini. Kichwa kwa kichwa, hakuna maneno. Kaka akaweka dole gumba. Shangazi mdogo, aliyeolewa Maskati, akaleta sauti ya dakika nne ambayo tatu za mwanzo zilikuwa salamu.

Shangazi mkubwa hakuandika. Alisubiri tukutane Jumapili barazani, akasubiri kahawa imiminwe, kisha akasema kwa upole ule ambao watu wa nyumbani huuogopa:

"Ndugu yangu, kila nazi zikiuzwa unanikumbusha kwamba mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja. Nami hunyamaza, maana ni kweli Mungu kasema. Leo ni siku ya kutoa. Mungu kanyamaza?"

Ami akaweka kikombe chini. Akasema mirathi ni jambo moja na matengenezo ni jingine. Akasema mvua haichagui mwanamume na mwanamke. Shangazi akamjibu kwamba nazi nazo hazichagui. Ikapigwa simu kwa mwalimu wa madrasa, naye, baada ya kuuliza hali ya kila mmoja wetu na kutaka kujua kama mkalimani wa ugomvi huu ni mimi, akasema gharama ya mali ya shirika humfuata kila mtu kwa kadiri ya umiliki wake. Naamini alikuwa sahihi, na Shangazi alikuwa sahihi kabla yake. Ukikubali fungu kubwa wakati wa kupokea, huwezi kugeuka mdogo wakati wa kulipa.

Nikafungua ukurasa mpya. Babu aliacha wana wawili na mabinti wawili, bibi akiwa ameshatangulia. Kila mwana thuluthi, kila binti sudusi. Thuluthi ya marehemu baba inatoa thumni kwa mama, inayobaki inakatwa mafungu matatu, kaka mawili, mimi moja. Ili kila mtu apate namba kamili, nyumba nzima ikabidi iwe na mafungu 72. Ami ana 24. Mashangazi 12 kila mmoja. Kaka 14, mimi 7, mama 3. Fungu moja ni shilingi 20,000. Nikasoma majina na viwango: Ami 480,000. Kaka 280,000. Mimi 140,000. Mama 60,000. Shangazi mdogo 240,000. Shangazi mkubwa...

Hapo nilisita. Nikarudia kuzidisha. Shangazi mkubwa 240,000. Kiasi kilekile alichokuwa akidaiwa kabla ya kikao, bila kupungua hata senti.

Ami alianza kucheka, akakumbuka namba yake, akaacha. Macho yote yakamgeukia Shangazi. Akachukua kahawa yake, akanywa.

"Sawa," akasema. "Lakini sasa ni haki."

Kaka, aliyekuwa ameongezewa elfu arobaini na uadilifu wa watu wengine, akaleta hoja ya bati. Tuachane na makuti, alisema, tuweke bati geji 28 tusahau paa kwa miaka mingi. Ukweli ni kwamba hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Bati haliliwi na mchwa wala halishiki cheche. Lakini bati linataka mbao zilizonyooka, zilizopasuliwa na kupigwa rula, na paa la babu limekaa juu ya miti ya mikoko ambayo ilikatwa jinsi ilivyoota, huku ikipinda na kule ikipinduka. Makuti huifuata miti hiyo bila lawama. Bati lingetaka tung'oe kila kitu tuanze upya, na fundi alipotaja gharama ya kuanza upya, kaka akagundua kwamba hata yeye anapenda ubaridi wa makuti. Ami alimalizia kwa kusema bati linapika watu. Shangazi akaongeza kwamba mvua ikipiga bati, mgonjwa anaweza kuita usiku kucha asisikike, akamtazama Ami kama ndiye mgonjwa.

Fedha zikatumwa kwenye simu ya kaka. Mfungo wa Ramadhani ulikuwa unakaribia, na kaka ni mtu mkarimu. Vunja jungu lilipofanyika, pilau ikatosha mpaka majirani wa majirani. Daftari lilipokuja kusawazishwa, mfuko wa paa ulikuwa umepungua shilingi 60,000 kamili, ambazo ni mafungu yote matatu ya mama.

"Basi mimi sina paa," mama akasema. "Nina pilau." Kaka alizirudisha, lakini polepole, na mwendo huo wa polepole ulituchelewesha hadi fundi akachukua kazi nyingine Mkwaja.

Aliporudi, ikaanza shughuli ya vifaa. Mgeni angeuliza kwa nini shamba la minazi linunue makuti. Mnazi hutoa kuti jipya karibu kila mwezi, kwa hiyo zamani shamba letu lilijiezeka lenyewe na kuuza ziada. Lakini ugonjwa wa kunyong'onyea, ambao umeua minazi mingi ya mwambao wa Tanzania, haukuturuka. Kwanza nazi changa hupukutika, halafu makuti yanageuka rangi, mwishowe kilele chote huanguka na kuacha gogo limesimama peke yake. Iliyobaki kwetu haitoshi hata kuezeka banda. Tukanunua makuti ya viungo kwa akina mama wanaoshona ng'ambo, upande wa mji, kila kuti ufito wake na mshono wake, yakapakiwa kwenye kenta mpaka dereva akawa haoni nyuma. Kwenye pantoni mhudumu alitaka kutoza mzigo kwa ukubwa, Ami akataka utozwe kwa uzito. Pantoni ikavuka mto wakiwa bado wanabishana, ikashusha, ikapakia wengine, na sisi tukabaki tumeziba njia.

Hata hivyo Ami alishikilia kwamba makuti mabichi ya kusuka kumba, za kufunikia kilele cha paa na kuziba ua, yatoke kwenye minazi yetu. Tusinunue kila kitu kama watu wa mjini. Akaitwa mkwezi. Mkwezi akautazama mnazi, akaona maji moto wanapanda na kushuka kwa safu, akadai upulizwe dawa kwanza.

Ami akakataa katakata, na hapa namuunga mkono. Sisimizi hao wa mtini, wanaoshona majani kuwa viota, ndio askari wa shamba. Humfukuza mdudu anayefyonza nazi changa na kuzifanya zidondoke kabla ya wakati. Wapo wakulima wanaofunga kamba kutoka mnazi hadi mnazi ili maji moto wavuke bila kushuka chini wakapambana na sisimizi wengine. Kuwaua kwa ajili ya makuti machache ni kumfukuza mlinzi ili mgeni apite vizuri. Ami alimweleza mkwezi yote hayo kwa utulivu. Mkwezi akasikiliza mpaka mwisho.

"Nimeelewa, mzee. Basi panda wewe, wanakujua."

Walikubaliana kwa nyongeza ya ujira. Mkwezi akapanda, akakata makuti manne, halafu tukasikia panga likianguka, kisha nyuzi, kisha matusi ya Kizigua ambayo Shangazi, aliyezaliwa huku, alikataa kututafsiria. Alishuka mnazi ule kwa mwendo ambao sidhani kama kuna aliyewahi kuutumia, akakimbilia kisimani na nguo zake zote. Kisima ndiyo kwanza kilikuwa kimetolewa matope.

Kamba nazo zilikuwa na kesi yao. Kaka alileta bunda la kamba za nailoni, za rangi ya buluu, kwa kuwa ni rahisi. Fundi aliivuta moja iliyokuwa imefungia geti tangu mwaka juzi, ikakatika mkononi kama jani kavu. Jua huila, alisema. Makuti yanafungwa kwa kamba ya makumbi au ya katani. Neno katani likamfungua Ami. Kila aliyeshika kamba siku ile, pamoja na mtoto aliyetumwa kuleta maji, alielezwa kwamba mkonge wote wa nchi hii ulianzia hapahapa jirani, Kikogwe, mwaka 1893, Mjerumani aitwaye Hindorf alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida, mingi ikafia njiani, ikafika hai 62 tu. Habari hiyo ni ya kweli. Lakini kuisikia ukiwa juu ya ngazi, umeshika pau kwa mkono mmoja na kamba kwa meno, kunapunguza ladha ya historia.

Hatimaye wakavua kipaa cha nyuma. Kwa sababu ya saumu, mafundi walianza mara baada ya alfajiri ili waondoke juani adhuhuri ikifika. Vumbi la makuti yaliyooza liliifanya nyumba nzima kupiga chafya. Wakatoka nge, tandu, panya waliokuwa wameoa na kuolewa humo, jembe lisilo na mpini, kandili isiyo na kioo. Kwenye ukuta, pale mtambaapanya ulipong'olewa, ukadondoka udongo na ndani yake senti kumi yenye tundu, ya mwaka 1956. Miaka yote Ami ametuambia nyumba hii ilijengwa enzi za Mjerumani. Kaka akaiokota sarafu, akamwonyesha jina la Malkia Elizabeth, bila kusema neno. Ami akaigeuza geuza. "Walikuwa wakiikarabati," akasema, na hadi leo huo ndio msimamo wake.

Kufikia saa nne asubuhi, kijana wa fundi akasimama ghafla. Katikati ya kombamoyo na pau palikuwa na kifurushi cha kitambaa cheusi, kimefungwa kwa uzi mwekundu mara nyingi. Hakuna aliyelitamka neno hirizi, ila mafundi wote walishuka, mmoja mmoja, wakaenda kukaa chini ya mwembe. Fundi mkuu akasema yeye ni Mwislamu na hayaamini mambo hayo, lakini ana watoto. Ami akapendekeza atafutwe mtaalamu. Kaka akapiga kifurushi picha, akakituma kwenye kundi. Kutoka Maskati ikaja sauti ya kilio na onyo kwamba tusikiguse kabla ya Ijumaa.

Asubuhi ikapita hivyo. Adhuhuri ikaingia, mafundi wakaenda zao. Kipaa cha nyuma kilikuwa wazi, na juu ya bahari palikuwa na wingu ambalo hakuna aliyetaka kulizungumzia.

Alasiri Shangazi mkubwa alitoka jikoni, akauliza kwa nini kazi imesimama. Akaonyeshwa. Akaagiza ngazi, akakumbushwa umri wake, akarudia kuagiza ngazi. Mjukuu akapanda badala yake, akakiangusha kwa kijiti, na Shangazi akakichukua kwa mkono, akakata uzi kwa kisu cha kitunguu. Ndani mlikuwa na ndoana. Ndoana za babu, nane au tisa, zimeshikana kwa kutu.

"Alizificha," Shangazi akasema, akimtazama Ami, "kwa sababu kuna mtu alikuwa akizichukua bila ruhusa."

Mvua ilifika baada ya tarawehe. Haikuwa masika yenyewe, ilikuwa ya kutanguliza salamu, lakini ilisalimia kwa sauti kubwa. Tulikuwa tumefunika kwa turubai la shughuli, lile la kuazima harusini, lenye matundu ya nguzo ambayo kila mmoja wetu aliyasahau mpaka maji yalipoyakumbuka. Upepo ukalinyanyua upande mmoja, likajaa, likageuka bwawa, kaka akalisukuma kwa mpini wa ufagio kutoka ndani, na bwawa lote likachagua kutokea kwenye kitanda cha Ami. Chumba cha nyuma ni cha Ami. Ndiyo maana, Shangazi alishasema tangu mwanzo, kipaa cha nyuma kilionekana kuwa cha dharura.

Tukahamisha magodoro gizani, tukihesabiana kwa sauti ili asipotee mtoto. Ami akatokea mlangoni mwa chumba cha mbele, amelowa, amekumbatia mto na Kurani yake iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Shangazi alikuwa ameshakaa kitandani, kavu kabisa, tasbihi mkononi.

"Karibu ndugu yangu," akamwambia. "Karibu kwenye sudusi yangu."

Ami alilala sakafuni, na daku tulikula wote katika chumba kile kimoja, mapaja yakigusana, mama akigawa viazi kwa kijiko. Kaka akauliza kama viazi navyo vinafuata mafungu. Akapewa kimoja.

Fundi alirudi kesho yake bila kuitwa, akaona ndoana zimetundikwa ukumbini, akaona aibu, akafanya kazi mpaka karibu na alasiri. Kipaa kikapanda mstari kwa mstari kutoka chini kwenda juu, kuti likilalia kuti, kamba ya katani ikivutwa kwa goti. Yaliyooza kabisa kati ya makombamoyo yalibadilishwa kwa miti ya mvinje, maana mikoko siku hizi haikatwi bila kibali. Masika yalipoanza kweli, chumba cha nyuma hakikupokea hata tone.

Yalibaki makuti 50. Ami akasema yagawiwe kwa mafungu yaleyale, kwa vile aliyelipa 24 hawezi kusimama sawa na aliyelipa 3. Nikafungua daftari, nikaanza kukokotoa: 50 hayagawanyiki kwa 72 bila kukata makuti vipande. Nilipoinua kichwa, mjukuu wa Shangazi alikuwa anatokomea njiani na baiskeli, makuti yamefungwa nyuma. Banda la kuku lilikuwa linavuja, Shangazi akaeleza, na kuku hawakutajwa kwenye mirathi.

"Andika deni," Ami akaniambia. Nikaandika. Tangu hapo yai likifika mezani kwake hulihesabu kuwa malipo.

Mwaka huu fundi ameshapanda tena ngazi, ameshanusa mkono wake, na ameniletea bei ya kipaa cha mbele. Nimeiweka kwenye kundi. Ami amejibu haraka kuliko kawaida yake: kipaa cha mbele kiko juu ya chumba cha Shangazi, na yeye angependa kwanza kusikia mwalimu wa madrasa anasemaje.